TUJITEGEMEE: Mashine ya nyasi inapokataa kutoa uzi

Safari hii tunaleta jambo lililotusumbua sisi wenyewe, walimu wa kujitolea, hadi tukaona aibu mbele ya wanafunzi wetu. Nalo ni mashine ya kukatia nyasi, ile inayokata kwa uzi wa nailoni, inapokataa kutoa uzi.

Kuna atakayesema, "Sasa mimi nyumbani kwangu nina mashine ya nyasi? Hata jembe nimeazima." Ngoja kwanza ndugu yetu, usikunje karatasi. Mtoto wako anasoma pale ambapo nyasi hukatwa. Na tena, kilichotupata kwenye mashine hii kinaweza kukupata wewe kwenye cherehani, kwenye baiskeli au kwenye redio. Basi soma nasi hadi mwisho.

Mashine ilifikaje kwetu

Wote mnajua mvua za Kigoma. Zikianza Oktoba au Novemba, hazituachi hadi Mei. Hapa Nyarugusu ukilala wiki mbili bila kufyeka, njia ya chooni haionekani. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya wanafunzi. Kila mtoto anakuja na fyekeo lake, wanapangwa mstari, wanafyeka huku wanaimba. Ilikuwa inapendeza kuangalia, lakini mwaka 2020 mtoto mmoja wa darasa la tano alikatwa mguuni na fyekeo la mwenzake. Mwenzake hakukusudia. Nyasi zilikuwa na umande, mpini ukateleza. Mtoto alishonwa, akakaa nyumbani mwezi mzima, na hadi leo kovu lipo.

Wazazi walikasirika, na walikuwa na haki. Mama mwenyekiti wa kamati alisimama mkutanoni akasema, "Tumekimbia mapanga huko kwetu, watoto waje wakatwe shuleni?" Hakuna aliyejibu. Kamati ikaandika barua, na mwaka 2021 shirika moja lililokuwa linatusaidia likatuletea mashine ya kufyekea inayotumia petroli. Tangu siku hiyo watoto hawakushika tena fyekeo shuleni.

Aliyeiendesha alikuwa kaka yetu mmoja, mwalimu mwenzetu, ambaye alikuwa amesoma ufundi wa injini hapa hapa kambini. Sisi wengine kazi yetu ilikuwa kuchota maji na kumpigia makofi. Agosti 2023 kaka huyo alisafiri na familia yake kwenda Marekani. Tulimsindikiza hadi kwenye basi, tukalia, tukarudi. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kuuliza habari za mashine.

Injini inaunguruma, nyasi zinatuangalia

Uzi aliotuachia ndani ya mashine ulitusogeza hadi Desemba. Ulipoisha tukachanga, tukampa pesa mtu aliyekuwa na kibali cha kwenda Kasulu, akatuletea uzi mpya. Tukaufunga wenyewe kwa kukisia. Tukawasha. Injini ikaunguruma vizuri, hadi watoto wakatoka madarasani kuchungulia. Tukakata kama dakika tano, uzi ukaisha kwa nje, tukagonga kichwa cha mashine chini kama tulivyomwona kaka akifanya. Hakuna kitu. Tukagonga tena. Tukagonga hadi udongo ukaruka. Uzi hautoki ng'o!

Hapo ndipo tulipofanya ujinga, nao tunauandika hapa bila kujificha ili mwingine asirudie. Mmoja wetu akasema, uzi wa nini, tufunge waya. Tukachukua waya wa kufungia miti ya ujenzi, tukaupitisha kwenye matundu ya kichwa. Ulikata kweli, kwa muda mfupi sana. Kisha tukasikia "pwaa!" Kipande cha waya kilikatika, kikaruka, kikaenda kuchoma mlango wa stoo kama msumari. Tulipojaribu kukichomoa kwa vidole kiligoma. Ilikuwa Jumamosi, watoto hawakuwepo. Tulizima mashine tukakaa chini, hakuna aliyetamani kuongea. Ule mlango uko mahali ambapo watoto hupanga mstari kusubiri uji.

Ikapita Januari 2024, nyasi zikafika kiunoni. Akaonekana nyoka nyuma ya vyoo vya wasichana, na wasichana wadogo wakaanza kujizuia hadi saa ya kurudi nyumbani. Mama mmoja alituambia mwanawe anafika nyumbani analia kwa maumivu ya tumbo. Siku ya Jumatano Bwana Direkta akatuita ofisini akasema, "Walimu, hadi Ijumaa. Mashine isipofanya kazi, Jumatatu watoto wa darasa la nne hadi la sita waje na mafyekeo." Tukatazamana. Kila mmoja alikuwa anauona ule mguu wa mwaka 2020.

Mzee wa getini

Alhamisi jioni tulikuwa tumekaa chini ya mwembe, mashine iko mbele yetu, tunabishana. Mmoja anasema ni plagi. Mwingine anasema ni kabureta. Mwingine anasema hii mashine imekufa, tuiandikie barua ya kuirudisha. Mzee mlinzi wetu alikuwa getini anatusikiliza. Huyu mzee alikuja mwaka 1996, vita vilipoingia Kivu Kusini. Kabla ya hapo alikuwa mvuvi upande wa Fizi, anavua migebuka na sangala kwa mshipi katika Ziwa Tanganyika. Injini hazijui, na hasemi kwamba anazijua.

Akaja polepole, akauliza, "Wanangu, munahangaika na nini?" Tukamweleza. Akauliza tena, "Injini inawaka?" Inawaka, mzee. "Kichwa inazunguka?" Kinazunguka. "Basi injini munaisingizia bure. Fungueni hapa kwenye uzi nione."

Kweli jamani! Mwezi mzima tulikuwa tunahangaika na injini nzima, na hatukuwahi kufungua mahali uzi unapokaa. Tukafungua kifuniko. Mzee akaitoa ile bobini, akaizungusha mkononi, akacheka kidogo. Uzi ulikuwa umejaa hadi unamwagika. Nyuzi zilikuwa zimepandana, moja juu ya nyingine, nyingine imepita chini ya mwenzake ikabanwa. Akasema, "Uzi iko, njia hakuna. Hivi ndivyo mushipi unagoma majini, na samaki inaenda zake."

Akaketi, akautoa wote, akaukunjua, akaanza kuukunja upya taratibu, uzi kando ya uzi, kama anavyokunja mshipi. Tulipowasha Ijumaa asubuhi, tuligonga mara moja tu. Uzi ukatoka. Hadi saa sita nyuma ya vyoo palikuwa peupe. Jumatatu watoto walikuja na madaftari yao.

Ndani ya kichwa cha mashine kuna nini

Sasa tuingie kwenye somo lenyewe. Ukijua mashine inavyofanya kazi, utajua inapougua.

Chini kabisa kuna kichwa cha duara kinachozunguka. Ndani yake kuna bobini, kama ile ya cherehani ila kubwa, na juu yake umekunjwa uzi wa nailoni. Ncha mbili za uzi zinatokea nje kwenye matundu mawili yanayotazamana. Kichwa kikizunguka kwa kasi, ncha zinavutwa kwenda nje, zinanyooka na kukata. Ni kama mtoto anayezungusha jiwe alilolifunga kwenye kamba. Kamba inakakamaa yenyewe.

Chini ya kichwa kuna kitufe, na ndani kuna springi. Ukigonga kitufe kwenye ardhi ngumu huku injini iko kwenye resi, bobini inaachiwa kidogo, ile nguvu ya kuzunguka inavuta uzi nje, halafu springi inairudisha bobini mahali pake ijishike tena. Uzi ukizidi, kile kisu kidogo kilichoko kwenye madigadi ya mashine kinaukata usawa. Basi, siri yote ni hiyo. Lazima kuwe na uzi, njia ya uzi, springi, na nguvu ya kuvuta. Kimoja kikikosekana, utagonga hadi jioni.

Tujue pia kwamba aliyeanzisha mashine hizi hakuwa fundi wa mashine. Aliitwa George Ballas, wa mji wa Houston huko Marekani, na alikuwa na ukumbi wa kufundishia dansi. Mwaka 1971 alipeleka gari lake kuoshwa kwenye mashine ya kuoshea magari. Akaona zile brashi za nailoni zinavyozunguka na kusafisha gari bila kulikwaruza. Akafikiri, mbona hivi hivi haviwezi kukata nyasi kando ya miti bila kuumiza maganda? Alitoboa kopo, akapitisha humo mshipi wa kuvulia samaki, akalifunga kwenye mashine inayozunguka, akajaribu. Kutoka hapo ikazaliwa ile aliyoiita Weed Eater. Tulipomsomea mzee wetu habari hii alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe ilianza na mushipi." Alifurahi siku nzima.

Sababu za uzi kukataa kutoka

Tuliandika hizi baada ya kufungua na kufunga mara nyingi, na baada ya kusoma kitabu cha maelezo kilichokuja na mashine. Kilikuwa kabatini muda wote, ndani ya nailoni yake!

Kwanza, uzi umepandana. Hii ndiyo iliyotupata sisi. Ukikunja ovyo, uzi wa juu unapita chini ya mwingine na kubanwa.

Pili, bobini imejazwa kupita kiasi. Na sisi tulifanya hivyo, tukiogopa kwamba uzi ukiisha hatutapata kibali cha kwenda Kasulu upesi. Tulijaza kama gunia la mahindi. Uzi ukifika hadi ukingoni unakwaruza ukuta wa kichwa na hautembei.

Tatu, umekunjwa kinyume. Kwenye bobini kuna mshale unaoonyesha upande wa kukunjia. Ukiupuuza, uzi hautatoka unavyotakiwa.

Nne, uzi umekatikia ndani. Ukigonga jiwe au mti, ncha inaweza kukatika pale pale tundu lilipo na kuingia ndani. Hapo hakuna cha kuvutwa. Ni kufungua tu na kuitoa ncha tena.

Tano, uzi umeyeyuka na kugandana. Joto na mtikisiko vinaweza kuufanya uzi ushikane, hasa ukikunjwa kwa kulegea au mashine ikipigwa resi muda mrefu. Ukifungua utaona nyuzi zimegandana kama mishumaa. Kata sehemu hiyo, utupe.

Sita, unene si wenyewe. Nyuzi hizi zina vipimo, kwa mfano milimita 2, 2.4, 2.7 na 3. Kichwa kina kipimo chake, na mara nyingi kimeandikwa kwenye kichwa chenyewe au kitabuni. Ukiweka mnene kuliko inavyotakiwa utakwama kwenye tundu. Mtu akienda kukununulia, mpe kipande cha uzi wa zamani aende nacho.

Saba, uchafu. Majani mabichi na udongo vinajaa ndani, vinakauka kama saruji, kitufe hakibonyei. Tena angalia springi kama imekatika, imeota kutu, au ilianguka mlipofungua mara ya mwisho na hakuna aliyesema.

Nane, uzi umekauka. Nailoni ikikaa chini ya mabati wakati wa kiangazi inakauka na kuwa rahisi kukatika. Iloweke kwenye ndoo ya maji usiku kucha na mchana wake kabla ya kuitumia. Nailoni hunywa maji kidogo na kulainika.

Tisa, unagonga vibaya. Ukigonga injini ikiwa taratibu, au ukigonga juu ya nyasi laini, bobini haiachii.

Namna ya kutengeneza

Kabla ya yote, zima injini, isubiri ipoe, halafu chomoa waya wa plagi. Usifungue kichwa cha mashine ambayo plagi yake imeunganishwa, hata kama ni kwa dakika moja.

Tandika kitambaa au gunia jeupe chini, ufungulie juu yake. Springi hupenda kuruka, na ikiingia kwenye nyasi huioni tena. Fungua kifuniko cha kichwa. Vingine vina vibanio viwili vya kubonyeza pembeni, vingine vinafunguliwa kwa kuzungusha. Angalieni sana: kwenye mashine nyingi za aina hii nati ya kushikia kichwa inafunguka kinyume na nati za kawaida. Ikigoma usiilazimishe kwa nyundo, jaribu upande mwingine kwanza.

Toa bobini. Kila kitu unachotoa kipange kwa mstari, kimoja baada ya kingine, ili wakati wa kurudisha uanzie mwisho kurudi mwanzo. Toa uzi wote wa zamani. Safisha ndani kwa kijiti na kitambaa, hadi kitufe kibonyee na kurudi chenyewe.

Kata uzi kwa urefu ambao kitabu kinasema. Kwa mashine yetu ni mita 4 hivi. Ukunje katikati, lakini upande mmoja uzidi mwingine kidogo, kama upana wa kiganja na vidole vyake. Lile kunjo la katikati lipachike kwenye kijipengo kilichoko katikati ya bobini. Sasa kunja pande zote mbili kwa pamoja kufuata mshale, kila upande kwenye chumba chake. Kaza kwa mkono, uzi ulale kando ya mwenzake, ukifika mwisho ndipo uanze mstari wa juu. Hapa ndipo pa kutumia muda. Mzee wetu anasema mkono ukiwa na haraka, mushipi unajua.

Usijaze hadi ukingoni. Acha nafasi kama unene wa kidole kidogo cha mtoto. Ncha mbili zibane kwenye vijipengo vya pembeni, zipitishe kwenye matundu mawili, rudisha springi na bobini, kisha vuta kila ncha kwa nguvu kidogo hadi ichomoke kwenye kijipengo. Funga kifuniko. Kata ncha zibaki sawasawa, kama urefu wa kalamu ya Biki kila upande.

Sasa jaribio, nalo ndilo muhimu kuliko yote: kabla ya kuwasha, bonyeza kitufe kwa kidole gumba na uvute ncha zote mbili kwa mkono. Zikitoka kwa mkono, zitatoka na kwenye mashine. Zikigoma, fungua tena sasa hivi, usiwashe ukitumaini itajirekebisha.

Maonyo kwa wazazi na watoto

Waya, misumari, mnyororo, hata nyaya za baiskeli, visifungwe kamwe kwenye kichwa cha uzi. Mlango wa stoo yetu ni shahidi.

Anayekata avae buti, suruali ndefu na miwani ya kukinga macho. Akose yote, macho asiyaache wazi. Kabla ya kuwasha, apite kwanza eneo lote kuokota mawe, chupa na vyuma.

Watoto wakae mbali, mita 15 au zaidi. Kwa watoto wetu tunawaambia: hatua 30 zako, na ukisikia mashine usikimbilie kuangalia. Kwetu sasa tunakata saa za jioni baada ya masomo, au Jumamosi. Wazazi mnaoishi karibu na uwanja tunaomba mtusaidie kuwaita watoto.

Petroli isihifadhiwe ndani ya nyumba unamolala wala karibu na jiko. Tumeona nyumba za majani zinavyoungua humu kambini. Hatuhitaji kueleza zaidi.

Tulichojifunza

Baada ya mashine kupona tulimtumia kaka yetu wa Marekani ujumbe wa sauti, tukamwelezea kisa chote, hadi la waya. Alijibu baada ya siku mbili. Kwanza alicheka sana, halafu sauti yake ikabadilika. Akasema alikuwa anaufunga uzi ule usiku, peke yake, kwa tochi, ili asubuhi akute kila kitu tayari na sisi tusisumbuke. "Nilikuwa naona nawasaidia," alisema. "Kumbe nilikuwa nawanyima."

Hatukumlaumu, wala hatumlaumu leo. Na sisi hatukuuliza. Mtu akifanya kazi vizuri tunasema "huyu ndiye anaijua," tunakaa pembeni, hadi siku basi linapomchukua. Humu kambini watu husafiri. Mmoja anakwenda nchi ya mbali, mwingine anarudi nyumbani Burundi au Kongo, mwingine Mungu anamwita. Sanduku lake analichukua. Ujuzi wake ungeweza kubaki, kama angemshika mtu mkono akamwonyesha.

Kwa hiyo shuleni kwetu tumeweka utaratibu mdogo. Mchoro wa kichwa cha mashine tumeuchora kwenye karatasi kubwa na kuubandika ukutani ofisini, na sehemu zake zimeandikwa kwa Kiswahili. Kila mwalimu anajua kufunga uzi, wakiwemo dada zetu wawili ambao mwanzo walisema hii ni kazi ya wanaume; sasa mmoja wao ndiye mwepesi kuliko wote, kwa sababu ni mshonaji na bobini haimtishi. Na yeyote anayejua kitu lazima awafundishe wawili. Mzee wetu wa getini anafundisha kukunja uzi kila mwanzo wa muhula, na anaketi kwenye kiti cha mwalimu. Tulipomkaribisha mara ya kwanza alikataa, akasema yeye hakusoma. Bwana Direkta mwenyewe alimvutia kiti.

Basi wapendwa, tunawaachia kazi ya nyumbani, wazazi na watoto kwa pamoja. Leo jioni mkiwa mmekaa, kila mmoja ataje kitu kimoja anachokijua yeye peke yake hapo nyumbani: kufunga mlango wenye mbao iliyopinda, kupika dawa ya kikohozi ya bibi, kurekebisha taa, kusuka mkeka. Halafu amchague wa kumfundisha, na aanze wiki hii.

Mwenye swali au mwenye ufundi wake anaotaka tuuandike, atumbukize karatasi kwenye sanduku la maswali lililoko ofisini kwetu. Asiyejua kuandika aje tu, tutamwandikia. Mwezi ujao tutaongea juu ya cherehani inayokata uzi kila mara, kwa kuwa mama watatu wametuuliza.

Mbaki salama, na Mungu azilinde familia zenu.

Ni sisi walimu wenu wa kujitolea.